Panga la mtambo wa upepo, na kazi inayowasubiri vijana wa Tunguu

Assalaamu alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Shikamooni wazee. Mama kila akipiga simu huniuliza: hivyo huko Denmaki unasoma nini hasa? Leo namjibu yeye na nyinyi nyote.

Hebu kitazameni kipande hiki. Kimekatwa kwenye panga la mtambo wa umeme wa upepo, yaani lile bawa refu linalozungushwa na upepo. Juu na chini ni faiba, ile ile ya boti: nyuzi za kioo zilizoshikishwa kwa gundi ya epoksi. Hapa kati, hii nyeupe, ni mti wa balsa, mwingi hutoka Ekwado. Sogeeni muone nyuzi. Hizi zimelala kwa urefu, zinazuia panga lisipinde sana. Hizi za mshazari zinazuia lisijisokote.

Sasa, mapanga ya leo yanapita mita 100. Huwezi kuyatengeneza na kuyavunja moja moja ili ujifunze. Kwa hiyo tunaliunda panga ndani ya kompyuta, tunaligawa vipande vidogo vidogo maelfu kwa maelfu, kila kimoja na matabaka yake, kisha programu inapiga hesabu upepo ukilisukuma litabanduka wapi. Maana kwa miaka 20 na zaidi linapinda na kurudi zaidi ya mara milioni 100, na ufa mara nyingi huanzia ndani, kwenye gundi, jicho lisione.

Linalonikera ni hili. Epoksi hunywa unyevu ikalainika, na vipimo vya kawaida vya maabara hufanywa kwenye chumba cha sentigredi 23. Kwetu ni joto, chumvi na unyevu mwaka mzima! Nani atapima hewa yetu kama si sisi? Anza na kipande cha faiba, ndoo ya maji ya bahari na mizani nzuri. Kipime kila wiki, utajua kimekunywa kiasi gani.

Unguja tulikaa gizani miezi mitatu, Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa kutoka bara ulipokatika. Na upepo tunao: kusi inavuma kila mwaka, kaskazi nayo.

Vijana wa SUZA, chuo kikuu chetu pale Tunguu, na nyinyi wa taasisi ya Karume pale Mbweni: modeli ya kompyuta ya mtambo wa megawati 15, panga lake mita 117, iko wazi kwenye intaneti tangu 2020, bure, pamoja na matabaka yake. Programu ya CalculiX, ya kupigia hesabu kama hizi, nayo ni bure. Viungo nimeviweka chini ya video. Atakayekwama anitumie faili lake, tutalifungua pamoja inshaallah.