Kulipia Kipindi Kimoja Kimoja au Kununua Kifurushi

Ndugu wasikilizaji, malalamiko yanayosikika zaidi kuhusu televisheni za kulipia ni ya mtu anayetaka mpira peke yake, akauziwa pamoja nao chaneli tele ambazo hazifungui mwezi mzima. Husemwa kwamba kila mtu angelipia anachokitazama tu, gharama ingeshuka. Naomba tulipime dai hilo kwa hesabu.

Oktoba 2005 kampuni ya Apple ilianza kuuza tamthilia za televisheni ya Marekani kupitia iTunes, duka lake la mtandaoni, kwa dola 1.99 kila sehemu, hivyo msimu wenye sehemu 22 ulifika dola 43.78. Mwaka 2010 Netflix ilipoanza kuuza huko huko Marekani utazamaji wa mtandaoni pekee kwa dola 7.99 kwa mwezi, fedha ya msimu mmoja ilitosha kulipia ghala zima kwa miezi mitano. Kwa mpenzi wa tamthilia nyingi, kununua moja moja kulikuwa hasara.

Kifurushi kinawezekana kwa sababu chaneli ikishatengenezwa, kumfikishia mtazamaji mmoja zaidi hakugharimu takriban chochote. Tumchukue Juma, aliye tayari kutoa shilingi 12,000 kwa mpira na 3,000 kwa tamthilia, na Asha, ambaye hesabu yake ni kinyume. Vikiuzwa mbalimbali kwa 12,000, kila mmoja atanunua kimoja na muuzaji atapata 24,000. Akivifunga pamoja kwa 15,000, wote wawili watanunua na kutazama vyote, naye atapata 30,000.

Sasa tumwongeze Hamisi, mwenye 12,000 za mpira na asiyetaka tamthilia kabisa. Kifurushi kimemwacha nje. Hamisi mnamjua: ndiye anayetoa shilingi 500 mlangoni pa kibanda umiza, akatazama mechi moja akiwa amebanwa kwenye benchi, kisha akarudi kwake. Mwenye kibanda amelipia kifurushi kizima akakiuza mechi moja moja, jambo ambalo kampuni zenyewe hazikutaka kulifanya. Zipo zinazouza kifurushi cha siku au cha wiki, na hilo ni jema, ila zimegawa muda bila kugawa maudhui, tena siku huendelea kuhesabiwa hata umeme ukikatika.

Kanada ilijaribu kwa amri. Mwaka 2015 tume yake ya utangazaji iliagiza kwamba kuanzia Machi 2016 kuwe na kifurushi cha msingi kisichozidi dola 25 za nchi hiyo, na kufikia Desemba chaneli za ziada ziweze kununuliwa moja moja. Kampuni zilitii, lakini bei ya kila chaneli zilijipangia zenyewe, na aliyeongeza chaneli kadhaa alijikuta akikaribia bei ya kifurushi kikubwa.

Kwa hiyo sitetei kuvunjwa kwa vifurushi, maana Juma na Asha wangeumia. Ninachowaomba wadhibiti wetu, wa Tanzania na wa Kenya, ni kudai mechi moja na msimu mmoja wa tamthilia viuzwe pia peke yake, bei yake ikitangazwa kando ya bei ya kifurushi, na muda usihesabiwe mpaka mnunuzi aanze kutazama.