Pumzi, Mizani na Alama za Darasani

Shikamooni wazee wangu. Mwalimu Mkuu, wajumbe wa kamati ya shule, wazazi na walezi, asanteni kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie uzito wa watoto na maendeleo yao darasani. Naomba kwanza tuisogeze mizani pembeni, maana ndiyo inayotupotosha.

Mtoto akinenepa tunasema amenawiri. Akizidi anaitwa bonge, na michezoni anapewa kazi ya kushika nguo za wenzake. Lakini mizani haisemi lolote kuhusu moyo na mapafu yake. Wapo wembamba wanaohema wakipanda ngazi, na wapo wanene wanaomaliza uwanja mzima bila taabu. Watafiti wakilinganisha na alama za darasani, mara nyingi ni pumzi ya mtoto, yaani uwezo wa moyo na mapafu yake kuhimili mbio, inayoonyesha uhusiano ulio wazi zaidi kuliko kilo zake.

Pumzi inapimika hapo nje. Unachora mistari miwili iliyoachana mita 20. Majivu ya jikoni yanatosha. Mlio ukisikika, watoto wanakimbia kutoka mstari huu hadi ule, na wanatakiwa wafike kabla ya mlio mwingine. Mwendo unaanza na kilomita 8.5 kwa saa, kisha kila dakika unaongezwa nusu kilomita. Anayeshindwa kuufikia mstari kwa wakati anakaa pembeni. Watoto wanaupenda kweli, mradi asiwepo wa kucheka aliyetoka mapema.

Sasa mzazi makini ataniuliza: si huenda watoto wa wenye nafasi ndio wanaokula vizuri, wanaocheza na wanaopelekwa twisheni? Swali la haki kabisa. Ndiyo maana nautegemea zaidi utafiti wa Charles Hillman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, uliotoka 2014. Watoto 221 wa miaka 7 hadi 9 waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilicheza baada ya masomo kwa miezi 9, jingine likasubiri zamu yake. Kisha umakini wao ukapimwa. Moja ya vipimo vya aina hii ni hivi: mtoto anaonyeshwa safu ya samaki watano, aseme haraka yule wa katikati anatazama upande gani, huku wenzake wakitazama kwingine. Ukikurupuka, umekosa. Kundi lililocheza liliongeza pumzi, na katika umakini wa namna hiyo likapiga hatua kubwa kuliko lililosubiri. Nisiwadanganye, huo si mtihani wa hesabu. Ni kipimo cha kutulia na kujizuia, lakini nani hapa amewahi kumaliza hesabu ya mafumbo bila kutulia?

Sisi tulikuwa na mchakamchaka: asubuhi na mapema, nyimbo, vumbi, halafu mstarini. Leo basi la shule linambeba mtoto kabla hakujapambazuka, jioni ana twisheni, na akifika darasa la saba kipindi cha michezo kinageuzwa cha marudio. Shirika la Afya Duniani linataka wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku kwa wenye miaka 5 hadi 17. Atazipata wapi? Na pale mchakamchaka ulipobaki, mara nyingi wanakimbizwa waliochelewa, kama adhabu. Hili, walimu wenzangu, linaniudhi kuliko chipsi na soda.

Ila tusisahau upande wa pili. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto aliyekuja bila kunywa chochote msimkimbize, mpeni uji kwanza. Kwa hiyo mchango wa chakula na kipindi cha michezo mviweke kwenye ajenda moja.

Nimeletewa kikaratasi hapa: mama anauliza kama mwanawe mwenye pumu azuiwe kukimbia. Hapana, mama, ikiwa pumu imedhibitiwa. Aanze kwa kutembea ili mwili upate joto, dawa yake ya kuvuta iwe karibu, isifungiwe ofisini, na mwalimu wa zamu ajue kumsaidia kuitumia. Akianza kukohoa au kifua kubana, asimame na atumie dawa hapo hapo. Na kama anabanwa kila anapocheza, mrudishe kliniki wampangie dawa upya.