Unasafiri? Hivi ndivyo ninavyoliacha tangi la samaki

Haya, karibuni tena wapenzi wa samaki. Nasafiri keshokutwa, siku 9, na begi sijafunga hata soksi moja, lakini hawa ndio wa kwanza. Tangi ni lilelile la lita 80. Gapi wapo, neon tetra 11 wapo, konokono wawili ambao sikuwanunua, walikuja wamejificha kwenye majani, na huyu mwenye mkia wa kuburuta ndiye Bwana Harusi. Akiona simu imeelekezwa kwake anakuja mbele. Ona! Kaka, toka, nataka kuonyesha filta.

Swali ninaloulizwa kila nikitaja safari: watakula nini? Hawali. Siku 9, hawapewi kitu. Msinirushie mawe kwanza. Samaki mzima mwenye afya anamaliza wiki bila kulishwa na wengi wanavuka hapo, maana mwili wake hautumii nguvu kujipasha joto kama wetu sisi, joto lake ni lile la maji. Halafu tangi lililokaa miezi lina vya kudonoadonoa, mwani kwenye kioo, vidudu kwenye majani. Mimi nauza mashine za kulishia, mnaziona pale nyuma kwenye rafu, na bado nakwambia kwa siku 9 huihitaji. Najiharibia biashara mwenyewe, basi.

Mwenye vifaranga ndiye simwambii hivyo. Vifaranga wanakula mara kadhaa kwa siku, hao ukiwaacha wiki unarudi hakuna kitu. Kama unao, tafuta mtu au mashine, au ahirisha safari. Natania. Kidogo.

Kinachoua samaki wa msafiri ni chakula kilichobaki, na umeme. Chakula kikioza kinatoa amonia. Kwenye sponji la filta kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia zaidi. Lakini bakteria hao idadi yao inalingana na uchafu waliouzoea. Ukimwaga kopo la chakula kwa huruma usiku wa kuondoka, wanazidiwa, na wewe uko njiani. Ndiyo maana pia wiki mbili tatu kabla ya safari sinunui samaki mpya hata nikipewa bure.

Umeme nitausema mpaka mnichoke. Nina sababu.

Tunaanza. Maji nabadilisha leo, siku mbili kabla, siyo asubuhi ya kuondoka. Nikikosea leo, kesho bado nipo nitaona.

La kwanza kabisa, zima hita. Chomoa plagi kabisa, kisha subiri dakika 15 kabla hujashusha maji. Kioo cha hita kikibaki nje ya maji kikiwa cha moto, kinapasuka. Nimechomoa. Tunasubiri, na tukiwa tunasubiri nawaonyesha adui yangu.

Hii hapa, taima ya taa. Ya kuzungusha kwa mkono, ina vijino 96 pembeni, kila kijino dakika 15. Kwenye hii yangu kijino kikibonyezwa chini, umeme unapita. Mimi nataka taa saa sita kwa siku, kwa hiyo nabonyeza vijino 24. Ukiacha taa usiku na mchana siku 9, utarudi ukute mwani umefunga kioo chote. Sasa angalieni hapa, nasogeza kamera… isimame basi… hapo. Imeandikwa 13. Hiyo ndiyo saa saba yetu ya mchana. Usiweke 7! Ukiweka 7 umeweka saa moja asubuhi, utashangaa samaki wanaamshwa alfajiri. Mimi nabonyeza kuanzia 13 mpaka 19, yaani saa saba mchana mpaka saa moja usiku. Halafu unazungusha gurudumu, upande huu tu wa mshale, mpaka saa ya sasa ifike kwenye alama.

Na kuna kiswichi pembeni, kidogo kama punje, mnakiona? Kikiwa upande huu, taima inafanya kazi. Kikiwa upande wa pili, umeme unapita muda wote na vijino vyako 24 ni mapambo. Kinaguswa bahati mbaya unapochomeka. Kiangalie ukishachomeka, siyo kabla.

Sasa sikieni. Kwenye taima inaingia TAA PEKE YAKE. Filta haiingii. Hita haiingii. Pampu ya hewa haiingii. Taa tu.

Kwa nini napiga kelele? Kuna safari moja nilichomeka ekstensheni kwenye taima. Taa ikawa kwenye ekstensheni, na filta nayo nikaichomeka hapohapo, kwa sababu soketi ya ukutani nilikuwa nachajia simu. Nikachomoa simu, nikaondoka, sikuhamisha kitu. Filta ikawa inafanya kazi saa sita na kulala saa 18, kila siku. Bakteria wale wanahitaji maji yenye hewa yapite muda wote. Maji yakisimama kwenye filta wanaanza kufa, na filta ikiwaka tena inasukuma ule uozo kwa samaki. Nilirudi maji yamepauka kama yametiwa maziwa, samaki wote wako juu kabisa, midomo inafunguka na kufunga kwenye uso wa maji. Wakati huo taa inawaka vizuri na filta inaunguruma, maana nilifika mchana! Ningeapa kila kitu kiko sawa. Mpaka taa ilipozima saa moja usiku na chumba kikanyamaza kimya. Ndipo nikaelewa.

Leo mmenisikia nikisema tetra 11. Walikuwa 15.

Haya, dakika 15 zimeisha. Filta nayo nachomoa. Mpira huu chini, ndoo hapa, natoa lita 20, ndoo mbili za kumi, robo ya tangi. Kunyonya changarawe mnajua, video ile ya zamani ipo, sirudii. Msitoe nusu ya tangi kwa sababu eti mnasafiri. Robo, kama kawaida yenu. Samaki hapendi ugeni na wewe haupo wa… ai! Ai ai ai. Mpira umechomoka kwenye ndoo. Subirini.

Nimerudi. Nimekata hapo, mlikuwa mnaangalia dari tu. Sakafu imelowa, soksi imelowa, ekstensheni haikulowa kwa sababu niliitundika ukutani, na hilo nalo ni somo, tutafika. Mpira ubane na kibanio cha nguo kwenye ukingo wa ndoo. Kibanio ninacho. Kilikuwa mfukoni.

Sponji la filta: unalikamua ndani ya hii ndoo ya maji ya tangi tuliyotoa. Usilipeleke bombani, klorini, ile dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba, inaua bakteria wako. Likamue mara mbili tatu, likibaki na rangi ya udongo kidogo sawa. Tena kama lilikuwa linapitisha maji vizuri, liache, lioshe ukirudi. Langu lilianza kuziba, ndiyo maana naligusa.

Maji mapya, dawa ya kuondoa klorini kwa kipimo cha kwenye chupa, joto lifanane na la tangi, unamimina polepole kwenye kiganja. Nimemimina. Jaza mpaka ibaki sentimita mbili tatu chini ya ukingo, hapa, vidole viwili. Nakwambia kwa nini sasa hivi, filta itatuambia yenyewe.

Narudisha plagi. Filta… na hita, hita naiacha kwanza itulie ndani ya maji. Filta, moja kwa moja ukutani, mnaona? Ukutani.

Mmesikia hiyo? Krrrrr. Siyo sauti nzuri hiyo. Chomoa, chomoa.

Sawa, hili sikulipanga lakini afadhali limetokea mbele yenu. Filta yangu ni ya kuning'inia nyuma ya tangi. Kisanduku chake kilibaki kitupu nilipolitoa sponji, kwa hiyo kafeni ka ndani kanazunguka hewani, hakana cha kuvuta. Dawa yake ni kikombe. Chota maji ya tangi, mimina ndani ya kisanduku mpaka kijae, ndipo uwashe. Moja, mbili… ya tatu… washa. Eeh. Sauti imeshuka. Maji yale yanaanguka.

Sasa jaribio ambalo watu wengi hawalifanyi. Nachomoa filta makusudi. Nahesabu mpaka 60, nyinyi nawarukishia. Nachomeka tena, bila kuigusa, bila kikombe. Inaanza yenyewe? Inakohoa… inakohoa… imevuta. Umeme ukikatika nikiwa mbali na kurudi, hakuna mtu wa kuja na kikombe hapa, lazima iamke peke yake. Na inaamka kwa urahisi maji yakiwa juu. Maji yakipungua kwa kukauka, inashindwa. Ndiyo vile vidole viwili. Na ndiyo kazi ya mfuniko, unapunguza kukauka, na unamzuia Bwana Harusi asiruke akaishia chini ya kochi.

Umeme ukikatika pia, taima ya kuzungusha inasimama, ukirudi inaendelea pale ilipoachia. Taa itachelewa kwa muda uleule. Haina shida, ni taa. Fikiria ingekuwa filta. Naacha.

Waya zote ziachie zining'inie chini kuliko soketi, halafu zipande. Tone likiteleza kwenye waya litadondokea sakafuni, halitaingia kwenye umeme. Kwenye mpira wa pampu ya hewa weka kivalvu cha njia moja kama pampu yako iko chini ya usawa wa maji, la sivyo umeme ukizima maji yanaweza kurudi nyuma mpaka kwenye pampu. Kipulize kwa mdomo kwanza. Upande mmoja hewa inapita, mwingine haipiti. Inakopitia kuelekea ndiko kwenye tangi. Mimi niliwahi kukigeuza nikakaa nusu saa nalaumu pampu mpya.

Hita sasa, imekaa vya kutosha, nachomeka. Wapi? Ukutani. Kipimajoto kinasoma 25. Langu linakaa kati ya 24 na 26. Nitakiangalia tena jioni na kesho, sitagusa kitufe.

Mashine ya kulishia, kwa wale wa wiki tatu au wenye vifaranga. Ijaribu wiki nzima ukiwa nyumbani, ilenge ndani ya kikombe kitupu uone inamwaga kiasi gani. Kidirisha chake kifungue kidogo kuliko unavyodhani. Usiiweke juu ya mahali povu la hewa linaporusha maji, chakula kikipata unyevu kinagandamana kinaziba. Vile vidonge vyeupe vya kuyeyuka majini mimi sivitaki, vinanichafulia maji. Wengine wanavipenda, haya.

Na jirani. Jirani yangu ni mtu mwema mno, ndiyo hatari yake. Kopo la chakula nimelificha ndani ya kabati la nguo, siwaambii rafu ipi. Kwenye karatasi nimemwandikia mambo matatu: maji yanaanguka kutoka kwenye filta? kipimajoto kinasoma ngapi? kuna aliyekufa? Kama yupo, kiwavu hiki hapa, amtoe, maana samaki aliyekufa naye anaoza. Chini kabisa, herufi kubwa: USIWALISHE, HATA WAKIKUANGALIA. Wataangalia. Wanajua kazi yao.

Keshokutwa asubuhi sitagusa kitu. Nitawahesabu tu nione wote wanaogelea vizuri. Kesho jioni nawapa kidogo, cha kumalizika dakika mbili, basi.

Imebaki jaribio la mwisho, na hili sitaki mnitoroke, hata kama linachosha. Saa hizi ni saa moja kasoro dakika moja. Najua mngependa nikate video. Sikati. Nimeweka kiganja juu ya filta. Jikoni nimezima redio.

Bado.

Bado… konokono yule anapanda kipimajoto, mwoneni.

Tik. Taa imezima.

Sikilizeni. Bado inanguruma. Maji yanaanguka gizani, na kiganja kinatetemeka. Hita, kile kitaa chekundu kidogo, kipo.

Haya, naenda kutafuta soksi kavu.