Pampu ya Stelingi Hufa kwa Kiu

Ndugu zangu madereva, na nyinyi vijana wa gereji mliokaa huko nyuma, karibuni. Leo ni pampu ya pawa stelingi, ile inayosukuma oili ili usukani uwe mwepesi, hasa ya Toyota HiAce, maana ndizo zimejaa hapo nje.

Niliwahi kuletewa HiAce inayolia kila dereva akikata kona. Nikasikiliza, nikasema pampu imekwisha. Tukanunua ya mtumba, tukafunga. Siku ya tatu gari ikarudi na kilio kilekile. Nikafunga ya pili, ikalia. Ndipo nikashika ule mpira mnene unaotoka kwenye kikopo cha oili kwenda kwenye pampu: klipu inayoubana imelegea. Mwenye gari alilipia pampu mbili kwa sababu ya klipu moja, na kosa lilikuwa langu.

Hapakuwa na tone la oili chini, ndiyo maana sikushtuka. Lakini upande ule pampu inanyonya, haisukumi. Klipu ikilegea au mpira ukipata ufa, hewa inavutwa ndani na oili inageuka povu. Ndani ya pampu mna vibapa vyembamba vinavyozunguka vikiteleza juu ya oili. Povu halilainishi kitu. Vibapa vinakwaruza chuma, na hapo sasa pampu inaanza kufa kweli.

Kwa hiyo, kabla hujaihukumu, fungua kikopo injini ikiwa inaunguruma. Ukiona povu, tafuta hewa inakoingilia. Oili ikiwa imepungua, usijaze ukaondoka. Mfumo huu hauli oili, basi imevujia wapi? HiAce hizi hutumia ATF ya Dexron, ile nyekundu ya gia boksi za otomatiki. Oili ya breki humo inaharibu sili, ile mipira inayozuia oili isivuje. Tazameni na mkanda unaozungusha pampu: ukilegea au ukilowa oili hupiga mluzi, na lawama inaiangukia pampu.

Madereva, hili ni lenu. Usukani ukifika mwisho, msiukazie pale. Oili inakosa pa kwenda, valvu ya presha inafunguka, na oili ileile inazunguka ndani ya pampu ikichemka. Rudisha kidogo tu, inatosha.

Pampu ikiwa imekufa kweli, kufungua bolti na mkanda si kazi kubwa. Kazi ni kusafisha. Iliyokufa imeacha chenga za chuma kwenye mabomba na stelingi boksi, ile inayogeuza magurudumu. Ukifunga mpya juu ya uchafu huo, umeilisha mchanga. Chomoa mpira wa kurudishia oili, uelekeze kwenye chupa, ziba mdomo wa kikopo ulikotoka, kisha mimina oili mpya huku mwenzako akizungusha usukani, hadi inayotoka iwe safi. Bomba la presha, linalotoka kwenye pampu kwenda stelingi boksi, liwekee washa mpya za shaba, vile vipete bapa vya kwenye bolti yake.

Halafu kutoa hewa. Vijana, hapa ndipo mnapoua pampu mpya: mnawasha gari mara moja, inazunguka kavu. Inua magurudumu ya mbele kwa jeki, weka stendi. Injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani polepole mwisho hadi mwisho, mara nyingi, ukiongeza oili. Ndipo uwashe, uzungushe tena. Kisha zima, ukitazama kikopo: oili ikipanda zaidi ya milimita 5, hewa bado imo. Rudia.

Haya, twendeni nje. Ile ya kwanza pale getini nimeisikia ikilia ilipoingia. Tuanze na klipu zake.