Mbunge Asiye na Chama: Mama Nellie wa Delta ya Mackenzie

Habari zenu jamani. Shikamooni wazee wangu wa Tanga, Pangani, Muheza na popote mnaponitazama. Wadogo, marahaba kabla hamjanisalimia.

Huu mnaouona hapo nyuma ya kioo ndio mchana. Saa saba mchana, na nje ni kama alfajiri kabla ya adhana. Jua la Inuvik, mji huu ninaoishi kaskazini mwa Kanada, lilituaga mwanzoni mwa Desemba, tutaonana nalo Januari, yaani siku 30 hivi bila kuliona likichomoza. Nyuzi ni hasi 34. Nimekaa ndani ya teksi yangu na bado sijaichomoa. Ndiyo, imechomekwa. Ule waya unaotoka chini ya boneti unaingia kwenye soketi ya pale ukutani. Gari huku inalala kwenye umeme ili injini isigande, la sivyo asubuhi oili imeshakuwa ugali.

Sasa, kuna mdau aliniandikia kwenye video iliyopita: "Kaka, huko barafuni mna mbunge? Wa chama gani?" Nimecheka mwenyewe humu garini. Mbunge tunaye ndugu yangu, tena Inuvik hii yenye watu kama 3,000 tuna wawili, wa majimbo ya Boot Lake na Twin Lakes. Chama ndicho hatuna.

Ngoja nifafanue maana nawajua, mtaniandama. Yuko mbunge mmoja anayetuwakilisha kule Ottawa, bunge la taifa. Huyo ana chama kama kawaida. Leo namzungumzia mbunge wa hapa nyumbani, wa Northwest Territories, eneo la kaskazini mwa Kanada lenye Bunge lake, na hasa Mama Nellie aliyewahi kuliongoza. Eneo hili lina zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.3, Tanzania nzima unaiweka humo na nafasi inabaki. Watu wake kwa sensa ya 2021 ni kama 41,000. Hawajazi uwanja wa Mkapa! Na karibu nusu yao wamejazana Yellowknife, makao makuu.

Bunge lao lina viti 19. Kila anayegombea anagombea kwa jina lake. Hakuna bendera, hakuna kofia, hakuna kanga za chama wala pilau ya kampeni. Nunavut, jirani zetu wa mashariki, nao wako hivyohivyo. Yukon, wa magharibi, wao wana vyama. Kwetu Tanzania mnajua mgombea binafsi ni habari ya mahakamani. Marehemu Mchungaji Mtikila aliihangaikia miaka na miaka, mpaka Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa ushindi mwaka 2013, na mpaka leo... haya, tuliache hilo, mimi ni dereva teksi.

Wakishachaguliwa, hao 19 wanakutana wenyewe na kupiga kura ya siri. Wanachagua Spika. Wanachagua Waziri Kiongozi, jina mnalikumbuka, Zanzibar walikuwa naye mpaka 2010. Kisha wanachagua mawaziri sita. Wanaotaka uongozi wanasimama mbele ya wenzao, wanajieleza, wanaulizwa maswali. Sasa piga hesabu: serikali ni watu saba, Spika mmoja, wanaobaki ni 11. Wabunge wa kawaida ni wengi kuliko serikali! Waziri akileta bajeti hana "wabunge wetu" wa kumpigia meza. Inabidi aongee na mtu mmoja mmoja, na hao hao ndio waliompa kiti, wanaweza kumnyang'anya.

Niliingia mle ndani mara moja, nilipokwenda Yellowknife kwa mambo ya karatasi zangu. Ni bure. Jengo liko kando ya ziwa, limefunguliwa 1993. Kabla ya hapo walikuwa wanakutana mahotelini na kwenye kumbi za jumuiya, wanahamahama kama kikundi cha taarabu. Wanakaa kwa duara. Katikati pametandikwa ngozi ya dubu mweupe, na kichwa chake.

Lakini kilichonikamata mimi mtoto wa pwani ni siwa. Mnaijua siwa, ile anayobeba mpambe Spika akiingia bungeni, na kabla ya wabunge ilikuwa ya masultani, ile ya Pate ya pembe za ndovu iko makumbusho ya Lamu mpaka leo. Huku siwa ya kwanza, ya 1956, waliitengeneza Wainuit, wenyeji wa asili wa nchi za barafu, wa Cape Dorset kwa pembe ya narwhal, yule nyangumi mwenye jino refu kama mkuki. Ya sasa ni ya mwaka 2000. Juu ina almasi ya huku huku, na ndani wametia vijiwe kutoka kila mji na kijiji, vyote 33. Mbebaji akitembea, vinalia. Yaani kabla mtu hajafungua mdomo, vijiji vyote vimeshapiga kelele.

Sasa nije kwa mtu mwenyewe. Ukitaka kuelewa mbunge wa huku anatoka wapi na anafanya nini, mimi nakupeleka kwa Nellie Cournoyea. Abiria wangu wazee wakimtaja wanasema Nellie tu, kama sisi tunavyosema Bibi Titi.

Amezaliwa 1940 Aklavik, ng'ambo ya delta ya mto Mackenzie, si mbali na hapa. Baba mtegaji, asili yake Norwei, mama Mwinupiaq, ndugu zao Wainuit. Kuishi kwao ni mtego: unatega wanyama wa manyoya, unachuna, unauza ngozi. Mtoto anakua na kambi. Shule yake? Kwa posta. Masomo yalitoka mkoa wa Alberta, anasoma kambini. Na hapo muelewe kitu kimoja, maana enzi hizo watoto wengi wa wenyeji walichukuliwa kwa wazazi na kupelekwa shule za bweni za kanisa na serikali, wakanyang'anywa lugha. Stephen Kakfwi, aliyekuja kuwa Waziri Kiongozi mwaka 2000, alipitia bweni la Grollier Hall hapa hapa Inuvik. Nellie alisoma bila kuondolewa kwao. Sisemi ndiyo sababu ya kila kitu, lakini nikifikiria ule ujasiri wake hainitoki akilini.

Alipokua akaingia redioni. CBC, redio ya taifa ya Kanada, kituo cha Inuvik, alitangaza halafu akakisimamia. Nyie mliokulia na redio ya betri mnaelewa. Mtu yuko kambini, theluji imemfunga, sauti pekee inayoingia ni ya yule mtangazaji. Unajua habari za kila familia kuanzia hapa mpaka baharini. Wanasiasa wa kwetu wanakodi magari ya matangazo kuutafuta umaarufu wa namna hiyo, yeye aliupata kazini.

Kisha mafuta. Mwaka 1968 yalipatikana Prudhoe Bay kule Alaska, na 1970 makampuni yakagusa mafuta kwenye rasi ya Tuktoyaktuk, juu yetu hapa. Wakaja na mashine zao kwenye ardhi ambayo watu walikuwa wanatega, na hakuna aliyebisha hodi. Mwaka huo huo wa 1970 Nellie na wenzake wakaanzisha chama cha kudai haki, si cha siasa, kiliitwa COPE. Wakabishana na Ottawa miaka na miaka. Juni 5, 1984, pale Tuktoyaktuk, Wainuvialuit, yaani Wainuit wa upande wetu huu, wakatia saini mkataba. Wakabakiwa na ardhi yao kilomita za mraba kama 91,000. Rwanda na Burundi ukiziunganisha hazifiki! Na katika hizo, kama 13,000 ni pamoja na kilichomo chini, mafuta na madini. Nikisoma hapo huwa namkumbuka babu yangu na shamba lake la mkonge, lakini hiyo ni video nyingine.

Bungeni aliingia 1979, wakati vuguvugu hilo linaendelea. Na Bunge lenyewe lilikuwa changa. Mpaka 1967 serikali ya eneo hili ilikuwa inakaa Ottawa, maelfu ya kilomita kutoka hapa. Baraza lililochaguliwa lote na wananchi lilipatikana 1975 tu. Nellie akachukua jimbo la Western Arctic, baadaye likaitwa Nunakput. Vijiji vyake viko ufukweni mwa bahari ya barafu na visiwani: Tuktoyaktuk, Paulatuk, Sachs Harbour, Ulukhaktok. Kutembelea jimbo ilikuwa ni kupanda ndege ndogo na kuomba Mungu ukungu usishuke.

Akapitia uwaziri, na mwaka 1991 wabunge wenzake, wakati huo walikuwa 24, wakamchagua kuongoza serikali. Mwanamke wa kwanza mwenyeji wa asili kuongoza serikali ya mkoa au eneo lolote Kanada. Mtoto wa masomo ya posta. Na lile jengo la ziwani lenye ngozi ya dubu lilifunguliwa yeye akiwa kwenye kiti. Mikononi mwake kukawa na kazi ya ajabu: kuandaa kuligawa eneo analoliongoza. Mwaka 1992 watu walipiga kura juu ya mpaka, na Aprili 1, 1999 Nunavut ikazaliwa, kipande kikubwa kuliko tulichobaki nacho. Sijui viongozi wangapi wangekaa mezani kupunguza himaya yao. Alitoka bungeni 1995, na kuanzia 1996 akaongoza shirika la Wainuvialuit, lile linalosimamia ardhi ya mkataba, miaka 20 mpaka 2016.

Mnaniuliza, sasa mbunge wa huku anabishania nini? Tishari, wapendwa. Vijiji vingi havina barabara mwaka mzima. Mizigo mikubwa na dizeli ya kuwashia umeme vinashuka na mto Mackenzie kiangazi, kwa tishari. Hata msikiti wetu hapa Inuvik ulikuja hivyo 2010: walioujenga waliujenga Winnipeg, mji wa kusini mwa Kanada, ukapakiwa kwenye lori, ukashushwa kwenye tishari, zaidi ya kilomita 4,000. Nyumba ya Mungu imefika imeelea! Lakini 2018 barafu ilizuia tishari, Paulatuk hawakuletewa. Na 2024 mto ukakauka kiasi kwamba safari za Norman Wells, mji ulio kando ya mto huo, zikafutwa, mafuta yakaletwa kwa ndege. Hebu fikiria bei. Hapo mbunge wa kijiji chako ndiye anasimama anamuuliza waziri: watu wangu watapasha nyumba kwa nini? Na waziri hawezi kusema "wapinzani hao", maana wapinzani hawapo.

Uchaguzi wao wenyewe wa 2023 ulisogezwa kutoka Oktoba 3 hadi Novemba 14, kwa sababu ya moto wa misitu; Agosti Yellowknife nzima ilihamishwa, watu kama 20,000. Wagombea walikuwa wakimbizi pamoja na wapiga kura.

Sikudanganyi kwamba mfumo huu ni peponi. Nimeshasikia abiria wakilalamika: mambo mengi yanaamuliwa chemba, na ukimpigia kura mtu hujui nani atakuwa Waziri Kiongozi. Kweli. Lakini wiki iliyopita nilimbeba bibi mmoja na mifuko yake kutoka dukani. Kakasirika, bomba la nyumba yake limeganda. Huku mabomba yanapita juu ya ardhi kwenye maboksi marefu, maana chini kumeganda daima, hakuchimbiki. Akatoa simu, akapiga, akaanza kufoka. Nikadhani anamfokea mwanawe. Alipokata nikamuuliza, vipi mama, kijana atakuja kutengeneza? Akanitazama kama mjinga.

"Huyo ni mbunge wangu. Anakuja saa hizi."

Na alikuja, nilimwona, na ndoo na mashine ya upepo wa moto mkononi.

Haya, redio inaniita, kuna abiria uwanja wa ndege. Ngoja nikachomoe waya kabla sijaondoka nao, maana nimeshawahi.