Kabla ya Kihisi, Nani Atatoka na Beleshi?

Waheshimiwa madiwani, wenyeviti na watendaji wa mitaa, wazee wetu, shikamooni. Vijana wa vyuo, hamjambo.

Mada niliyopewa ni jiji janja. Habari za kamera, taa zinazojiwasha na malipo kwa simu mmeshazisikia, sitawachosha nazo. Nitarudia jambo ninalolisema kila ninapopewa kipaza sauti. Mkazi akitoa taarifa, ikamfikia mtu mwenye jina, na jibu likarudi kwa mkazi yuleyule, hapo jiji limeanza kuwa janja. Mitambo ije baada ya hapo. Ikitangulia, tutakuwa tumenunua mapambo.

Tuchukue kalavati moja tu, lile bomba linalopitisha maji chini ya barabara. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Meru kiko mita 4,562. Mvua inapiga huko juu, huku mtaani Unga Limited jua linawaka na watu wameanika nguo. Baada ya muda mto Themi unashuka na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Sasa fanyeni hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 40 ikipiga bati la mita 100 za mraba inatoa lita 4,000, yaani simtanki mbili za lita 2,000, kwa paa moja. Zidisha kwa mapaa ya Sakina, Levolosi na Ngarenaro, ongeza lami na vitofali vya uani, halafu maji yote hayo yaambie yapite kwenye bomba la sentimita 60 lililojaa mchanga na chupa.

Kwa mteremko uleule, kalavati la sentimita 90 linapitisha maji karibu mara tatu ya lile la sentimita 60. Karibu mara tatu! Ukubwa wa bomba ukichaguliwa kwa kuangalia bei, tofauti hiyo inalipwa na mwenye nyumba ya bondeni.

Mtaa wenye kalavati la hatari unaweza kuanza na kopo la rangi. Kwanza mnazibua, mnachimba tope mpaka sakafu ya zege ionekane. Hapo kwenye sakafu safi ndipo penye sifuri. Wengi wanakosea hapa. Wanaweka sifuri juu ya tope, mwezi ujao tope linasombwa na vipimo vyote vinakuwa uongo. Kisha mnapaka ukuta wa pembeni, upande maji yanakoingilia, rangi nyeupe ya mafuta, na juu yake mistari myekundu kila sentimita 10, namba kubwa kila sentimita 50. Chagueni mahali panaposomeka kwa tochi ukiwa umesimama kwenye ukingo imara. Kama msomaji analazimika kuinama juu ya maji, hapo pabaya, hamisheni.

Alama tatu mzipe maana, na watoto wa shule wazijue. Maji yanayokwenda kasi, ya kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 yanaweza kulichukua gari dogo. Sentimita 60 yanachukua hata gari kubwa la familia. Alama hizo zipakwe pia pale barabara inapokatiza korongo, sifuri ikiwa usawa wa barabara yenyewe, maana dereva haoni chini ya maji ya tope. Aprili 2024 jiji hili lilizika watoto wa shule waliosombwa na maji wakiwa ndani ya gari. Mnakumbuka wote.

Halafu kipimamvua. Kiwekwe shuleni, uwanjani, mbali na paa na miti, kisomwe kila siku saa 3 asubuhi bila kuruka, hata siku ambayo haikunyesha; hapo andika 0, usiache wazi, maana nafasi wazi hatujui kama mvua haikuwepo au msomaji hakuwepo. Wasomaji wawe wawili. Mmoja akisafiri kwenda msibani, daftari lisilale.

Na hapa ndipo mtaa wa juu unapomfaa wa chini. Maji yakienda mita 2 kwa sekunde, kilomita 5 yanazimaliza kwa dakika 40 hivi. Mtu wa juu akituma ujumbe kwamba maji yamegusa namba 100, wa bondeni ana nusu saa ya kutoa watoto, godoro na vyeti. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa angalizo na tahadhari kwa mkoa mzima, ni kazi nzuri, lakini haiwezi kukwambia kuhusu kalavati la mtaani kwenu. Hilo mnaliona ninyi.

Sasa naona vijana wa kompyuta wananiangalia. Mnasema huyu hataki teknolojia. Naitaka sana. Saa 8 usiku wasomaji wote wawili wamelala, na kihisi, kifaa kinachopima chenyewe kimo cha maji na kutuma taarifa kwa laini ya simu, hakilali. Kifungeni, ila mjue kinavyoharibika. Kihisi cha mawimbi ya sauti kinapiga sauti chini, kinasubiri mwangwi, kinahesabu umbali. Kasi ya sauti inabadilika na joto, karibu asilimia 0.17 kwa kila nyuzi moja. Usiku nyuzi 14, mchana 28, umbali wa mita 3: bila kurekebisha joto umekosea kama sentimita 7, na mto haujasogea. Buibui wanapenda sana kujenga mdomoni mwake. Takataka zikijikusanya chini yake, kitaripoti mafuriko siku ya kiangazi. Maji yakipanda yakakaribia mdomo wake, sentimita 20 au 30 za mwisho hakioni kitu, kwa hiyo kifungwe juu zaidi ya kiwango cha juu kabisa cha mafuriko mnachokikumbuka. Kisha laini inaisha salio na hakuna aliyetengewa fedha za bando. Hili la mwisho ndilo linaloua miradi mingi. Mfadhili alinunua kifaa. Vocha ya mwezi wa 13 haimo kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Ndiyo maana nasisitiza ile namba iliyopakwa ukutani. Kihisi kikisema 140, mtu anakwenda na tochi kuangalia ukuta. Bila ukuta hamna wa kukisuta.

Haya, kihisi kimelia saa 8 usiku. Nani anatoka na beleshi?

Nauliza kwa dhati kabisa. Barabara ya mtaa na kalavati lake ni la TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kama ni barabara kuu, ni TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Taka zilizoziba ni za halmashauri. Mto wenyewe uko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani, maana Themi unaingia mto Kikuletwa, ulio katika bonde hilo. Bomba lililopitishwa katikati ya kalavati lina mwenyewe mwingine. Mkazi akipiga simu, anazungushwa kama mpira, na kila anayempa namba nyingine hamdanganyi. Programu ya simu ya kupokea kero haiondoi tatizo hilo hata kidogo, inaharakisha kuzungushwa. Kabla ya programu, ofisi hizo zikae meza moja na orodha ya makalavati, na mbele ya kila kalavati liandikwe jina la ofisi, cheo cha mhusika na muda wa kujibu. Kurasa mbili tatu zinatosha.

Mwenyekiti mmoja hapa mbele anatikisa kichwa. Najua utakachosema, mheshimiwa: watu hawaji mkutanoni. Ni kweli. Lakini hebu tuulizane, mkutano uliopita walisema taa imezimika na mtaro umeziba, je, mkutano uliofuata ulianza kwa kuwasomea majibu? Mtu aliyefunga genge lake kuja kusema, akarudi bila jibu mara mbili, mara ya tatu anauza nyanya. Chukueni pilaiwudi moja, futi 4 kwa 8, muiweke nje ya ofisi ya mtaa. Safu nne: namba ya kero na tarehe, mahali kwa anwani ya makazi, nani amepewa, jibu. Namba za nyumba tulibandikiwa 2022, tuzitumie. “Karibu na mwembe” haimsaidii fundi. Jibu likiwa “hatuna fedha mpaka Julai”, liandikwe hivyohivyo. Watu wanavumilia jibu gumu. Ukimya ndio unaowafukuza.

Wenzetu Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulipoanza 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walipita mitaani pamoja na wakazi, wakachora mitaro na nyumba kwenye ramani iliyo wazi kwa kila mtu. Wazee wakaonyesha maji yalifika wapi ukutani. Maarifa hayo yamo vichwani mwa watu wa Daraja Mbili na Sombetini pia, na hakuna setilaiti inayoyajua.

Muda unanikimbia. Kuhusu simu: kero zipokelewe pia kwa kubonyeza nyota kwenye simu ya kitochi, bila bando, la sivyo mmewaacha nje mama ntilie na mzee wa Muriet. Kuhusu kamera na takwimu za watu: tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, isomeni kabla ya kusaini mkataba. Toronto, Kanada, mradi wa mtaa janja uliotangazwa 2017 uliachwa Mei 2020. Kampuni iliyouandaa ilitaja hali ya uchumi, lakini kabla ya hapo wakazi walikuwa wameshauliza kwa muda mrefu takwimu zao zitakuwa mali ya nani, wala hawakuridhika. Taka za soko la Kilombero, mboji, na mita 60 za kando ya mto nilitaka niziguse, haiwezekani leo.

Msaragambo wa kuzibua ufanyike kabla ya masika, yaani Februari, siyo Aprili maji yakiwa kifuani. Wenyeviti wenye kalavati linalowatisha, baki kidogo mkitoka. Kuna daftari hapa mezani: andika mtaa, jina la barabara, upana wa bomba kwa sentimita, na majina mawili ya wasomaji. Kama hujui upana wa bomba, acha hapo wazi, futi kamba ninayo, kesho asubuhi twende tukapime.