Mavi ya Mbwa Chini ya Theluji: Baridi Ndiyo Msimu wa Kuokota

Habari zenu ndugu zangu, na wazee wangu wote shikamooni. Leo tuko Saint Paul, jimbo la Minnesota, Marekani, mwezi wa Machi, theluji inayeyuka. Kabla sijasema lolote, tazameni hapa chini. Hiki ni kipande cha nyasi kati ya njia ya miguu na barabara. Ona theluji ilivyojipanga matabaka, kama chapati kwenye sahani. La juu ni la wiki iliyopita, hili la kijivu ni la Januari, na kule chini kabisa ni la Novemba. Katika kila tabaka kuna mavi ya mbwa. Haya meusi bado magumu kama jiwe, haya yaliyopauka yameanza kulainika. Hakuna kilichooza, kwa sababu baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri haiozeshi kitu. Inahifadhi, kama friza la nyama.

Sasa fuateni maji. Yanatoka kwenye theluji, yanapita juu ya haya mavi, yanashuka ukingoni mwa barabara, yanaingia hapa kwenye mtaro wenye nondo. Wengi hudhani mtaro huu unaelekea kwenye mtambo wa kusafisha majitaka. Hauelekei huko. Maji ya choo na jikoni yana bomba lake. Haya ya mvua na theluji yana jingine, na yanamwagwa Mto Mississippi, au kwenye ziwa la jirani, jinsi yalivyo.

Kuna jambo ambalo hata wenyeji wengi hapa hawalifikirii. Udongo bado umeganda. Nikichoma bisibisi, inaingia sentimita mbili tatu, kisha inagonga. Mwezi wa Julai mvua ikinyesha, nyasi na udongo vinakunywa sehemu kubwa. Machi maji hayana pa kuzama, yanateleza tu. Uchafu wa miezi mitano unaondoka kwa wiki chache, kwa mkupuo.

Ni kiasi gani? Makadirio yanayotumika sana Marekani ni gramu 340 kwa mbwa mmoja kwa siku. Zidisha kwa siku 150 za baridi: kilo 51. Mfuko wa saruji, kutoka kwa mbwa mmoja. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, wakiongozwa na Sarah Hobbie, walichapisha kazi waliyoifanya kwenye mabonde saba ya maji hapa hapa Saint Paul, yaani maeneo ambayo maji yake hukusanyika na kutoka pamoja. Waligundua kwamba uchafu wa wanyama wa kufugwa nyumbani ulichangia hadi asilimia 76 ya fosforasi, kirutubisho cha mimea, iliyoingia kwenye mabonde hayo. Mbolea ya bustani zamani ilikuwa na mchango wake, lakini tangu 2005 jimbo zima lina sheria inayobana fosforasi kwenye mbolea ya nyasi. Mbolea ikapungua, mbwa wakabaki. Na fosforasi ikifika ziwani inalisha mwani: maji yanakuwa kijani kizito, yananuka, na baadhi ya mwani huo una sumu inayoweza kumuua mbwa yule yule akinywa. Nyinyi mlioko Kisumu hamhitaji kuelezwa rangi hiyo, mnaiona Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria.

Najua swali linalokuja: si ni samadi tu? Hapana. Ng'ombe anakula majani. Mbwa anakula chakula kizito cha protini, na kinyesi chake kina nitrojeni kali. Ndiyo maana nyasi pale zimeungua, duara la manjano. Halafu kuna minyoo. Mboji ya kawaida ya nyumbani haipati joto la kutosha, kwa muda wa kutosha, kuua mayai yake. Usiweke kwenye mchicha, usiweke kwenye nyanya.

Haya, namna ya kuokota wakati wa baridi. Kanuni ya kwanza ni muda: okota papo hapo, yakiwa bado na joto. Ukingoja, joto lile linayeyusha theluji, mavi yanazama, theluji inaganda tena juu yake, nawe hutayaona mpaka theluji iyeyuke, kama leo hii. Mfuko nao unakuwa dhaifu kwenye baridi, ule mwembamba hupasuka. Kwa hiyo, kabla ya kutoka, pulizia pumzi ndani uone kama una tundu. Ingiza mkono kama glavu, shika mavi pamoja na theluji kidogo inayoyazunguka, geuza mfuko nje ndani, toa hewa, funga fundo moja la kukaza. Vaa glavu nyembamba inayobana. Glavu nene ya baridi haifungi fundo. Na tochi ya kichwani ni lazima: Desemba jua linazama kama saa kumi na nusu jioni.

Yakishaganda kwenye barafu, usivute. Tumia koleo bapa la chuma, au kikwangulio cha rangi, sukuma kwa pembe ya chini. Ya kuharisha wakati wa theluji ni rahisi kuliko kiangazi, unachota theluji yote iliyochafuka. Kiangazi mwagia mchanga mkavu au maranda, subiri yanyonye, kisha chota.

Nyumbani kwenye uwanja, theluji ikiwa nzito, safisha kwa koleo eneo dogo, mita mbili kwa mbili. Mbwa hapendi kuzama mpaka tumboni, atakwenda pale pale, na uchafu utakaa sehemu moja. Okota kabla ya theluji mpya kushuka. Ukiisukuma na koleo bila kuokota, umechanganya kila kitu, na lundo lile litayeyukia mtaroni. Mfuko uende pipa la taka za kawaida, si lile la taka za kuozesha, hata kama mfuko umeandikwa kwamba unaoza.

Sasa nyumbani kwetu, ambako hakuna theluji. Kiangazi kinafanya kazi ile ile: mavi yanakauka, yanakuwa unga, watu wanaona yamekwisha. Masika yakianza, mvua ya kwanza inayasomba mpaka kisimani na mtoni. Mayai ya toksokara, minyoo wa tumboni mwa mbwa, huhitaji wiki mbili hadi nne kukomaa ndipo yaambukize, kisha hukaa ardhini miaka. Ukiokota siku ile ile, umeyawahi. Mtoto anayechezea udongo akiyameza, viluwiluwi, yaani minyoo wachanga, vinazunguka mwilini na vinaweza kufika jichoni.

Minyoo ya safura ya mbwa ni ya haraka zaidi. Kwenye mchanga wenye joto na unyevu viluwiluwi huwa tayari kwa siku tano hadi kumi, na vinapenya ngozi. Ukitembea peku ufukweni wanakolala mbwa, ukaona mstari mwekundu unaojikunja na kusogea kila siku, unawasha usiku, huyo si funza. Usichimbe kwa sindano. Nenda kituo cha afya, kuna dawa za kumeza.

Turkana ni habari nzito zaidi. Kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa sehemu zenye wagonjwa wengi zaidi duniani wa tegu wa mbwa, yule anayeacha uvimbe wenye maji kwenye ini au mapafu ya mtu. Mayai yake hayangoji kukomaa, yanatoka yakiwa tayari. Mbwa anampata kwa kula viungo vibichi vya ndani vya mbuzi na kondoo, kama ini na mapafu, kwa hiyo maini na mapafu yenye uvimbe yachomwe au yafukiwe chini sana, na mbwa apewe dawa ya tegu, prazikwanteli, kwa ratiba ya daktari wa mifugo. Watoto wa mbwa wapewe dawa ya minyoo kuanzia wiki mbili, wakubwa kila baada ya miezi mitatu.

Kama gari la taka halipiti kwenu, mwaga kwenye choo cha shimo bila mfuko. Hakuna choo? Chimba sentimita 30 au zaidi, mbali na kisima na bustani ya mboga, ufukie.

Ukimaliza, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20, na chini ya kucha. Jeli ya alkoholi haiui mayai ya minyoo. Sabuni na msuguano ndivyo vinavyoyaondoa mkononi. Koleo nalisuuza juu ya nyasi, si hapa barabarani, na viatu vinabaki nje ya mlango.